Kundi Huvunjika, Ufundi Hubaki



Huku kwetu Ujiji, jioni dagaa wakishaanuliwa, mabinti hukusanyika kwenye simu moja kutazama tamthilia za Kikorea. Jina wanalolitaja zaidi ni Suzy. Wengi wanamjua kama mwigizaji tu, lakini alianza kwa kuimba. Mwaka 2010, akiwa na miaka 15, alitoka na miss A, kundi la wasichana wanne. Mwaka uliofuata akaigiza katika Dream High. Kundi lilipovunjika mwaka 2017, yeye hakuvunjika nalo. Mwaka 2020 tulimwona tena katika Start-Up.

Mtasema hayo ni mambo ya Seoul. Haya, tuje karibu. Sanaipei Tande, dada wa pwani ya Kenya, aliingia shindano la Coca-Cola Popstars mwaka 2004. Akashinda pamoja na Pam Waithaka na Kevin Waweru, wakaunganishwa kuwa kundi moja, Sema. Wa rika letu bado tunaukumbuka wimbo wao wa Leta Wimbo. Lakini kundi halikudumu.

Hebu fikirini: binti mdogo, watu wanamjua kwa jina la kundi, na kundi lenyewe limekwisha. Sanaipei hakukaa kulilia jina. Aliimba peke yake, akatangaza redioni, na mwaka 2020 tamthilia ya Kina ilipoanza kwenye Maisha Magic Plus, tukamkuta ndiye Nana Tandala. Kwa tunavyoona sisi, hakuna alichojifunza kikapotea bure. Pumzi ya mwimbaji ilimfaa kwenye kipaza sauti cha redio, na ulimi uliozoea kutangaza ukamfaa mbele ya kamera.

Hatuwaambii mabinti wakawe waigizaji. Kila nyumba ina mipaka yake. Tunalosema ni kwamba jina la kundi si lako, ila ufundi ulioupata ndani yake ni wako.

Jambo hili limetugusa kwa sababu nasi tuna kundi letu. Tuko sita, tunashona madera na nguo za harusi. Mmoja wetu anaolewa, na mume yuko Bujumbura. Wateja wake wote wako Ujiji na Mwanga. Makungwi wamemfunda vizuri: jiko, chumba, subira, heshima kwa mama mkwe. Hakuna aliyemuuliza kazi yake ataibeba vipi.

Akajiuliza mwenyewe. Alipoulizwa mahari yake, alitaja cherehani ya umeme, mpya, iwe mali yake. Shangazi mmoja alinuna, akasema wenzake wanataja dhahabu, yeye anataja chuma. Tulimjibu kwa adabu: shangazi, mahari ni haki ya bibi harusi, na anachokitaja ni chake. Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara kabla ya ndoa, na biashara yake haikumpunguzia heshima.

Mchumba amekubali. Kilichobaki ni wazee wa upande wetu, ambao bado wanashauriana. Tumemshauri pia azungumze na mwenzake kabla ya nikaha, si baada: atashonea wapi, saa ngapi, na pesa ya kushona itakuwa ya nani. Mambo haya yakisemwa mapema huwa mazungumzo. Yakichelewa huwa ugomvi.

Sisi tutabaki watano, na huenda mwakani tukabaki watatu. Hatuogopi. Kila anayeondoka anaondoka na mikono yake.

Nanyi mlioolewa mbali na kwenu, mlibeba kazi gani, na mliianzaje upya? Tuandikieni, tumsomee bibi harusi wetu kabla hajavuka mpaka.