Moli, chumvi na tangi la lita 60

Waliokuja kusoma kuhusu PHP watanisamehe, leo ni samaki.

Mwenzangu kazini alihama Nairobi akaniachia tangi la lita 60 na samaki wadogo watano aina ya moli. Hawakuwa wakiogelea. Walisimama mahali pamoja wakijitikisa kama mtu mwenye homa, mapezi wameyabana mwilini. Duka alilowanunua lilikuwa limemwambia kwamba hao ni samaki wa maji baridi na wanavumilia maji yoyote. Nilipokwenda pale pale kuuliza, nikauziwa maneno zaidi: eti ninunue dawa.

Sikununua. Programu ikikwama, kwanza unasoma, halafu unapima. Moli asili yao ni Marekani ya kusini, Mexico na Amerika ya Kati. Wengine huishi mitoni, lakini wengi, hasa wale wanaoitwa Poecilia latipinna, hupatikana pwani, mahali mto unapokutana na bahari. Wamezoea maji yenye madini mengi. Sasa maji ya bomba ya Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare, na ni laini, sabuni inatoa povu upesi. Nikapima la tangi: ugumu mdogo, pH chini ya 7. Basi dawa ya nini? Shida ilikuwa maji yenyewe.

Mtu wa Mombasa haihitaji maelezo marefu. Pale Tudor, bahari ikijaa maji yanakuwa makali, mvua ikinyesha sana yanapoa chumvi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Mimi nilitaka gramu 6 tu.

Tahadhari ya kwanza: si chumvi ya jikoni. Hiyo karibu yote ni sodiamu kloraidi, na imetiwa madini joto. Unahitaji chumvi ya bahari ya kuchanganyia matangi, ambayo ina kalsiamu, magnesiamu na kaboneti za kushikilia pH isishuke.

Tahadhari ya pili: usiimwage yote siku moja. Ndani ya kichujio kuna bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Chumvi ikipanda ghafla hao bakteria wanakufa, amonia inapanda, na samaki uliotaka kuwaokoa wanakwenda nayo. Ni kama kubadilisha seva huku wateja wako ndani.

Kwa hiyo nilipandisha gramu 2 kwa lita kila wiki, nikibadilisha lita 12 za maji kila mara. Hesabu yenyewe ni hii. Wiki ya kwanza, gramu 120 kwenye ndoo ya maji mapya. Wiki ya pili, gramu 144, kwa sababu lita 12 ninazotoa zinaondoka na gramu 24. Wiki ya tatu, gramu 168, kwa sababu sasa zinaondoka gramu 48. Baada ya hapo haidromita ilisoma karibu 1.004 nikaacha kupandisha. Klorini niliitoa kwanza kwa dawa yake, na chumvi niliikoroga ndooni hadi ikayeyuka kabisa.

Jambo linalowachanganya wengi: maji yanakauka, chumvi haikauki. Tangi likipungua vidole viwili, ongeza maji yasiyo na chumvi. Ukiongeza ya chumvi kila mara, baada ya miezi michache una bahari.

Halafu kuna stima. Ikipotea kwa saa nyingi bakteria wanakosa hewa, samaki pia. UPS niliyokuwa nimeinunulia kompyuta sasa inaendesha pampu ya hewa. Pampu inakula wati chache tu, na kompyuta ya mapajani ina betri yake.

Samaki mmoja alikufa siku ya nne, kabla chumvi haijafika popote. Wale wanne, katikati ya wiki ya pili, waliacha kujitikisa. Wiki ya tatu walikuwa wanagombania chakula. Mwezi wa pili jike mmoja mweusi akazaa. Moli hawatagi mayai, wanazaa watoto wakiogelea. Nilihesabu 17, wamejificha nyuma ya jiwe, kwa sababu wakubwa hawana haya, huwala.

Rafiki mmoja ananishawishi nimuongezee yule samaki bapa wa fedha, Monodactylus argenteus, ambaye yuko hata kwenye pwani yetu. Ni mzuri, lakini anapita sentimita 20 na anataka kuishi kundini. Ndani ya lita 60 hiyo ni jela. Mwingine anataka wale wanaorukaruka kwenye tope la mikoko. Hao wanahitaji nchi kavu ndani ya tangi, na kifuniko kisicho na mwanya.

Kwa sasa ni moli tu. Jumamosi ni zamu ya ndoo: lita 12, gramu 72.