Jina Lililo Juu ya Nota

Nimefundisha kwaya muda mrefu, na zamani mtu akiniletea wimbo macho yangu yalikimbilia juu ya ukurasa, pale panapoandikwa jina la mtunzi. Likiwa la Bach, nakaa sawasawa. Likiwa nisilolijua, nafunua kivivu. Aliyenitoa kwenye tabia hiyo ni mfanyabiashara mjanja wa Venisi, Iseppo Baldan.

Wakati wake nota zilinakiliwa kwa mkono, na kazi ya Baldan ilikuwa kunakili na kuuza. Katika miaka ya 1750 aliipelekea kasri ya Dresden, Ujerumani, nyimbo za ibada za Baldassare Galuppi, mtunzi aliyekuwa akivuma. Mtunzi mwingine, Vivaldi, alikuwa amefariki Vienna mwaka 1741 na watu wameshamsahau. Baldan akachomeka kazi za marehemu kwenye mzigo, juu akaandika Galuppi. Zikalala maktabani zaidi ya miaka 200.

Mwaka 2003, Mwingereza Michael Talbot akaitambua mojawapo, Nisi Dominus, yaani Zaburi ya 127, kuwa ni ya Vivaldi. Kilichonivutia mimi ni vyombo vyake: viola d'amore, shalumo ambayo ndiyo mzazi wa klarineti, na fidla iliyorekebishwa ili ikorome kama chombo cha zamani kiitwacho tromba marina. Fidla ya namna hiyo Vivaldi aliiandikia pia wasichana wa Pietà, nyumba ya watoto yatima pale Venisi alikofundisha. Jina lilidanganya, vyombo vikasema kweli. Mwaka 2005 Janice Stockigt wa Australia akaibua na Dixit Dominus, ambayo ndani yake mna vipande vinavyofanana na kazi nyingine za Vivaldi, maana bwana yule alizoea kujiazima mwenyewe. Leo inaitwa RV 807 katika orodha ya kazi za Vivaldi.

Galuppi mwenyewe sina neno naye. Alikuwa fundi, na kazi hizo alibebeshwa tu.

Tangu niyajue hayo, wimbo mpya ukija nafunika jina kwa kiganja. Naimba besi kwanza, kisha natazama sauti zinapanda hadi wapi na ni chombo gani kinachotakiwa. Ni nani, na wapi, aliyekuwa na watu wa kuviweza hivi? Jina nalisoma mwishoni.

Mama mmoja wa sauti ya pili alinibana: "Mwalimu, wimbo ukishakuwa mtamu, jina la nini tena?"

"Mama, ile fidla inayokoroma ungeipigaje kwa kumfuata Galuppi? Ukishajua ni Vivaldi, unakwenda kwenye konseto zake unajifunza humo."

Akaguna, akarudi kwenye nafasi yake.

Kwenye faili letu la fotokopi za zamani, majina mengine yameandikwa kwa kalamu na watu tusiowajua. Pembeni yake nimeanza kuandika kwa penseli: "inasemekana". Wazee wa kwaya hawajapenda hata kidogo, hasa kwa ule wimbo wa Pasaka wanaoapa kuwa ni wa Handel.