Spika za baba hazikukwaruza, ndiyo maana hatukushtuka

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa wazazi wangu, Morogoro. Tumetoka misani, baba amepiga muziki wake asubuhi yote, na sasa ameuzima kwa sababu chakula kinakaribia. Mwanangu wa miaka minne alitoka jikoni na andazi mkononi, akamfuata babu yake kwenye kochi, akamwambia, “Babu, shika!”

Baba akatabasamu. “Nimeshafika mjukuu wangu. Nimefika toka asubuhi.”

Tulicheka wote. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Mtoto yeye hakucheka. Alibaki amenyoosha mkono, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, “Shika, Babu!” Baba akamwitikia tena kwamba amefika. Ikabidi nimguse bega, nimwonyeshe andazi.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, huwa naandika habari ya masikio, na kila mwaka nawaonya vijana na spika za masikioni. Nimeshaandika kwamba mtu anayepoteza usikivu kwa kelele hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, zile zinazobeba herufi kama “s”, “f” na “sh”. Anasikia kwamba umesema, ila hapati ulichosema. Nimeyaandika hayo kwa ajili ya watoto wa watu wengine, na sijawahi hata siku moja kuyafikiria nikiwa sebuleni kwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi mitambo. Miaka ya themanini na tisini alifuatana na bendi za dansi, yeye ndiye wa kufunga spika, kuvuta nyaya na kukaa nyuma ya mashine hadi alfajiri. Ukumbi mmoja ulipofungwa, aliuziwa spika zake mbili kwa bei ya kutupwa. Ni maboksi ya mbao yanayonifika kifuani, kila moja lina spika ya inchi 15 chini na honi juu. Mama alipoziona zinashushwa kwenye mkokoteni aliuliza watu watakaa wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sebule yetu ilikuwa na nafasi ya makochi manne, tukabaki na matatu.

Nimekulia mbele ya spika hizo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz nilizijua kwa mgongo kabla sijazijua kwa masikio, maana nilipenda kuegemea boksi ili besi initetemeshe. Majirani walileta viti vyao uani. Baba akiongeza sauti, ulikuwa unaona bendi imekaa pale sebuleni: gitaa kushoto, tarumbeta kulia, mwimbaji katikati. Sitasema kwamba haikuwa raha. Ilikuwa raha kweli, na mpaka leo nikisikia gitaa la solo namwona baba amefumba macho.

Sasa naomba nieleze jambo moja la kifundi, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Spika hazifanani katika kugeuza umeme kuwa sauti. Spika nyingi ndogo za nyumbani, ukizipa wati 1 ya umeme na kusimama umbali wa mita 1, hutoa kama desibeli 87. Spika za ukumbini zenye honi hutoa 100 au zaidi kwa wati hiyo hiyo moja. Tofauti ya 13 inaonekana ndogo, lakini desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kila ukitaka kuongeza desibeli 10, unahitaji umeme mara 10. Kwa hiyo spika ya kawaida ikitaka kufikia 100 inahitaji kama wati 20. Ikitaka kufikia 110 inahitaji wati 200, na hapo nyingi zinaungua. Ile ya honi inafika 110 kwa wati 10 tu, bila jasho.

Honi zilianza kutumika nyakati ambazo amplifaya zilikuwa dhaifu na majumba ya sinema yalikuwa makubwa. Mwaka 1946 mhandisi wa Marekani, Paul Klipsch, alianza kuuza spika ya honi iliyoitwa Klipschorn, iliyotengenezwa kukaa kwenye kona ya sebule ili kuta zenyewe zisaidie kusukuma besi. Watu wakapata sauti ya ukumbi nyumbani kwa umeme kidogo. Ni ufundi mzuri, na baba akianza kuusimulia chai inapoa.

Hatari yake ni kwamba spika ndogo ikizidiwa hulalamika. Inakwaruza, inapasuka sauti, na mtu yeyote mwenye akili atapunguza. Spika kama za baba hazilalamiki. Zinaongezeka sauti zikiwa safi vile vile. Sikio linapenda usafi ule, halipati sababu ya kushtuka, na mkono unaongeza kidogo, na kidogo tena. Sauti safi na sauti salama ni vitu viwili tofauti. Sikio halipimi kukwaruza, linapokea mgandamizo wa hewa tu.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana, kama elfu kumi na tano hivi kila upande, zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha. Ndiyo ule mvumo au mlio unaousikia ukitoka harusini, na masikio kuwa kama yamezibwa na pamba. Asubuhi unaamka uko sawa, unasema yameisha. Lakini seli iliyokufa haioti tena, kwa binadamu, ni hiyo uliyozaliwa nayo basi. Na kwa kuwa zinakufa chache chache, hakuna siku utakayoamka na kusema leo nimepoteza usikivu. Siku ile tuliyocheka kwa sababu ya andazi, baba alikuwa amekwisha kupoteza kwa miaka mingi.

Jumapili iliyofuata nilirudi Morogoro na simu yenye programu ya kupima kelele. Simu si kipimo cha hospitali, lakini inatoa picha. Nilikaa kwenye kochi la baba wakati wimbo unaendelea. Namba zilicheza kati ya 96 na 99. Hapo sikuona kama ni kelele. Niliona ni muziki mzuri wa Jumapili.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukipiga hesabu hadi 98, mtu mzima anabaki na dakika zisizofika 40, kwa wiki nzima. Baba alikuwa anamaliza kiasi hicho kabla chai haijamiminwa. Kwa watoto kipimo ni kikali zaidi, kinaanzia desibeli 75. Kwa sauti ile mwanangu alikuwa na kama dakika 12 za wiki, naye alikuwa amekaa chini, akichezea gari lake, mgongo kwenye boksi. Pale pale nilipokuwa nakaa mimi.

Nilimsogeza mtoto kwanza. Halafu nikasubiri wimbo uishe.

“Baba, naomba tuzungumze kuhusu sauti.”

“Dansi halisikilizwi kwa kunong’onezana, mama,” akanijibu. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na akitaka mazungumzo yaishe ndivyo huniita.

Nilimwonyesha namba. Akaitazama simu yangu kama fundi anavyotazama bisibisi ya mtoto. Akaniambia amepiga muziki miaka arobaini, kama ni kuumia angekwisha kuumia. Nikakosa la kusema. Kwa sababu jibu lilikuwa hilo hilo, kwamba ameumia, na mimi mwanawe sikuwa na kinywa cha kumwambia mbele ya mama na mjukuu.

Mama ndiye aliyesema. Aliweka sahani mezani, akamgeukia, akasema taratibu, bila kupandisha sauti, “Baba Nanihii, mimi siku hizi sikuambii mambo kwa sababu nachoka kurudia.”

Sijui kama alisikia kila neno. Lakini alimtazama mama usoni muda mrefu, kisha akainuka, akapunguza muziki mwenyewe.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho takwimu zangu hazikuwahi kunifundisha. WHO inasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Nimeiandika namba hiyo mara nyingi. Kumbe nyumbani kwetu hasara haikuwa desibeli. Ilikuwa mazungumzo ya mama na baba yaliyokuwa yanapungua mwaka hadi mwaka, na sisi watoto tukisema, “Mzee siku hizi amekuwa mkimya.”

Tulimpeleka kupima usikivu mwezi uliofuata. Walimvalisha kifaa cha masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Nilikaa pembeni nikimtazama. Kwenye milio mizito alibonyeza haraka, kwa kujiamini. Ilipofika milio myembamba nilikuwa naiona taa ya mashine ikiwaka, naye ametulia, anasubiri kwa adabu kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kupita. Daktari alituambia umri una sehemu yake na kelele ina sehemu yake, na kilichopotea hakirudi, ila vifaa vya kusaidia kusikia vitamsaidia kwenye mazungumzo. Na kilichobaki kinaweza kulindwa.

Sasa tunafanya nini? Spika zipo. Hatukuziuza, na sikumwomba aziuze. Aliyetafuta suluhisho ni baba mwenyewe, baada ya kulichukulia jambo hili kama kazi ya ufundi. Alichukua simu yangu, akapima kochi baada ya kochi, akabandika kipande cha plasta nyeupe kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya. Kitufe hakivuki plasta. Kisha akaniambia jambo ambalo ningepaswa kulijua zamani: spika nzuri hutambulika kwa sauti ndogo. Ile mbovu lazima uipandishe ndipo usikie kila ala. Ya honi inakupa gitaa na sauti ya mwimbaji hata ukiwa unaongea na mwenzako. Kinachopungua ni besi, kwa sababu sikio la binadamu husikia besi vibaya sauti ikiwa chini, kwa hiyo ameongeza besi kidogo. Muziki umerudi kuwa mnene bila kuwa mkubwa.

Wimbo mmoja tu kila Jumapili tunauacha uvuke plasta. Ni dakika tano au sita. Mtoto anatolewa uani na bibi yake kwanza, sisi wakubwa tunabaki.

Kwako unayesoma, huenda huna spika za ukumbini sebuleni. Lakini siku ya kipaimara au maulidi ya mtoto, au sherehe ya kumuaga binti, utakodi muziki, na kijana atashusha maboksi yenye honi kama zile za baba kwenye uwanja usiozidi hatua ishirini. Zilitengenezwa kujaza ukumbi. Watoto watakimbilia kucheza mbele yake kwa sababu ndipo panapotetemesha kifua, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Mwambie mpiga muziki mapema, kabla hajapata mzuka, aelekeze spika juu ya vichwa na mbali na watoto. Simama mwenyewe pale wanapocheza. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi imezidi. Pamba au tishu masikioni havisaidii kitu cha maana, vikinga masikio vya watoto ndivyo vinavyosaidia. Mtoto akiziba masikio kwa mikono usimcheke wala usimwite mwoga. Na mtu yeyote akilala na mvumo masikioni, mpe siku kadhaa za utulivu, na usipokwisha mpeleke hospitali.

Jumapili iliyopita baba alikuwa na vifaa vyake masikioni. Anavilalamikia, anasema vinamfanya asikie hadi kijiko kikigusa sahani. Mwanangu alimletea kipande cha ndizi, akasimama mbele yake, akamtazama usoni kama tulivyomfundisha.

“Babu, shika.”

Alishika. Mama alikuwa mlangoni, hakusema kitu, akarudi jikoni kuchukua chumvi.