Nilianza kwa Nyama

Nilianza kukimbia kwa sababu ya nyama. Shule yetu ya bweni ya wasichana, kule Babati enzi bado iko mkoa wa Arusha, ilitulisha makande na ugali kwa maharage wiki nzima. Nyama ilionekana Jumapili tu, tena kwa aliyefahamiana na mpishi. Lakini waliochaguliwa kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, waliwekwa kambini kabla ya mashindano, na kambini kulikuwa na nyama, mayai, na chai ya maziwa mazito inayofanya utando juu. Netiboli sikuiweza. Mbio fupi zilikuwa na wenyewe. Mita 3,000 hakuna aliyezitaka, basi nikazitaka mimi.

Kukimbia kwenyewe nilikuchukia. Kengele ililia saa 11 alfajiri kwa ajili ya mchakamchaka, baridi ya mlima Kwaraa ikituuma masikio, dada mkuu akianzisha wimbo na sisi tukiitikia huku tunakanyaga kwa pamoja, mwalimu wa zamu akija nyuma na fimbo kuwahimiza wanaobaki. Mpaka leo watoto wa shule wakipita na mchakamchaka wao, miguu yangu inataka kushika hatua ile bila kuniuliza.

Mwalimu wa michezo alikuwa na hadithi moja tu, ya John Stephen Akhwari, na kwa kuwa Akhwari ni mtu wa Mbulu, majirani zetu, aliisimulia kana kwamba alikuwepo. Mexico City, Oktoba 1968: Mtanzania anaanguka njiani, goti linateguka, anafungwa bandeji, anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshachukua dhahabu kwa saa 2 na dakika 20, watazamaji wengi wameshaondoka, ndipo Akhwari anaingia uwanjani akichechemea, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Hapo mwalimu alishusha sauti na kutuambia habari za taifa. Tuliitikia "ndiyo mwalimu" huku tukiwaza chakula cha mchana.

Nilipomaliza kidato cha nne nyama ya kambini ikaisha, na mbio zikaisha nayo. Ikaja kazi, Dar es Salaam, ndoa, watoto, daladala za Tegeta.

Kilichonirudisha barabarani ni presha. Daktari alisema nitembee. Nikatembea, nikachoshwa na kutembea, nikanunua raba za mtumba pale Karume na kuanza kukimbia. Hofu ilinitoa kitandani vizuri sana, ila haikudumu. Presha iliposhuka tu, nikaanza kuizima kengele ya simu na kujifunika tena. Nadhani nisingeendelea kama jirani asingenivuta kwenye klabu ya jogging ya mtaani, ile ya Jumamosi yenye tisheti za sare, nyimbo, na pikipiki inayotangulia kuzuia magari. Niliifuata tisheti, sioni haya kusema. Na baada ya mbio kulikuwa na supu.

Mbio ndefu zilikuja kwa njia nyingine. Baba alipata kiharusi na kuletwa kwangu, upande wa kulia umelala, mdomo umekwenda kando. Ndugu zangu walipiga simu kutoka walikokuwa na kutoa ushauri mwingi. Kumgeuza, kumwogesha na kumlisha uji kwa kijiko kulinibakia mimi na binti wa kazi. Jumapili alfajiri nilikuwa natoka, simu naiacha mezani makusudi, nashika barabara ya Bagamoyo. Kwanza niligeuzia Boko. Kisha Bunju. Kisha nikavuka Bunju kuelekea Mapinga, jua limeshatoka, akina mama wa vitumbua wameshawasha majiko, bodaboda wakinipigia kelele, "Mama, mwizi wako amekimbilia wapi?" Pale klabu wakaanza kunisifia nidhamu. Nidhamu gani? Nilikuwa sitaki kurudi nyumbani. Kila wiki nilisogeza mbele kidogo mahali pa kugeuzia.

Asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti kumvua soksi, baba akauliza kwa ule ulimi wake mzito, "Mwanangu, leo umefika wapi?"

"Mapinga, baba."

"Mapinga!" Akanyamaza akitafuta maneno. "Enzi zetu hapo mashimo matupu. Nilivunja springi hapo."

Alikuwa dereva wa lori miaka yote ya utoto wetu, na barabara aliijua kama mshonaji ajuavyo mikunjo ya kitambaa. Tangu siku hiyo alikuwa ananingoja. Alitaka kujua daraja limepanuliwa au bado, nani kajenga wapi, lami inashikaje. Nikajikuta natazama huku na huku ninapokimbia, nikikusanya habari za kumpelekea. Nilikuwa nakimbia ili kuwa mbali naye, kisha nikawa nakimbia ili nirudi na la kumwambia, na sikumbuki ni wiki gani jambo moja liligeuka kuwa jingine.

Alipofariki nilidhani nitaacha. Badala yake nilijiandikisha Kilimanjaro Marathon, mbio kamili za kilomita 42. Pale Moshi nusu ya kwanza inakudanganya kwa tambarare; baadaye ndipo barabara inaanza kupanda kuelekea Mweka, na ukikaribia kilomita ya 30 wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unakuwa umekaribia kwisha. Mapaja yanakuwa mawe. Nilitafuta sababu ya kuendelea sikuiona: nyama haikuwepo, presha ilikuwa sawa, tisheti nilishaivaa, baba hayupo. Nikapanda tu. Nilitaka kujua kona inayofuata ikoje, basi. Ndipo nikamwelewa Akhwari kwa namna ambayo mwalimu hakutufundisha. Taifa lilikuwemo, sibishi. Lakini kilomita zile zote na goti bovu, nahisi kulikuwa pia na kitu kidogo zaidi, cha mtu binafsi. Alitumia saa 3 na dakika 25, goti limeteguka. Mimi na magoti yangu mawili mazima sijamkaribia.

Tarehe 15 Septemba 2025 kundi letu la WhatsApp halikulala. Kwetu ulikuwa usiku wa manane wakati Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alipoingia uwanjani Tokyo na kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Watu walituma sauti za kilio, bendera, matusi ya furaha. Kisha dereva mmoja wa bajaji akaandika kwamba kwa kuwa usingizi umeshaharibika, tukutane kituo cha mafuta saa 11. Ilikuwa Jumatatu. Tulikwenda hadi Bunju, tukabishana njia nzima kama Petros alijitupa mapema, na kazini nikachelewa.