Meza tatu, mzigo mmoja: hasara ya komande inamwangukia nani?

KASONGO, MANIEMA. Kuna meza za salon zinazotengenezwa tatu-tatu. Ndogo inaingia chini ya ile ya kati, na ya kati inaingia chini ya kubwa, mpaka mtu akifika nyumbani anaona meza moja tu. Wageni wakija zinavutwa, na kila mmoja anapata pa kuweka kinywaji chake. Wafaransa waliziita gigogne, jina la mama wa michezo ya kuigiza ya zamani ambaye watoto wengi walitokea chini ya gauni lake. Fundi Mwingereza Thomas Sheraton aliandika habari za meza nne za namna hiyo katika kamusi yake ya useremala ya mwaka 1803. Ukizitazama, kweli unaona mama na watoto wake.

Wanaozitaka si watu wa nyumbani peke yao. Mwenye nyumba ya wageni anazipenda kwa sababu vyumba vyake ni vidogo. Mwenye baa anazipenda kwa sababu akifagia anazirundika pembeni. Kwa fundi wa Kasongo au wa Kabambare kuna faida nyingine: seti nzima inafungwa kama meza moja nyuma ya pikipiki au kinga. Barabara ya kwenda Kindu inajulikana ilivyo wakati wa mvua. Kuvuka Lualaba hadi Samba, kwenye reli inayotoka Kabalo kwenda Kindu, nako si kazi ndogo. Anayeweza kupeleka meza tatu kwa nafasi ya moja amepunguza gharama kabla ya kuuza.

Lakini meza hizi hazisamehe. Meza ya kawaida ikipungua sentimita moja, hakuna atakayejua. Hizi zikikosewa nusu sentimita, zinakwama. Chukua meza kubwa yenye upana wa sentimita 60 na miguu ya unene wa sentimita 4. Katikati ya miguu inabaki 52. Ya kati isizidi 51, ipate nusu sentimita ya kupumua kila upande. Nayo miguu yake ikiwa ya 4, ndani inabaki 43, basi ndogo iwe 42. Urefu nao unashuka: 50, kisha 47 na nusu, kisha 45. Upande wa mbele hapawekwi ubao wa kuunganisha miguu, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapoingilia. Kwa hiyo nguvu yote inategemea viungo vya nyuma na vya pembeni. Mguu mmoja ukipinda, seti nzima imeharibika.

Fundi mmoja wa miaka arobaini na kitu, mwenyeji wa upande wa Salamabila katika wilaya ya Kabambare, alijifunza hayo kwa uchungu. Alipokimbia vita pamoja na mke na watoto wanne, alibeba tepe ya kupimia na patasi mbili ndani ya mfuko wa nguo. Randa, msumeno mkubwa, keekee na meza yake ya kazi vilibaki. Kasongo walipokelewa na jamaa ya mke wake: vyumba viwili, watu kumi na mmoja. Baada ya wiki tatu alianza kazi kwenye atelie ya mzee mmoja wa mjini, akilipwa kwa kipande. Meza ikiisha na kupokelewa, analipwa. Isipopokelewa, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Komande ilikuja kwa simu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekubaliana na mwenye nyumba ya wageni kumpelekea seti 12. Alituma picha moja ya meza zinazong'aa katika nyumba ya mbali, na maneno mawili: "Kama hizi." Vipimo havikuwemo. Aina ya mti haikuwemo. Avansi ilitosha kununua nusu tu ya mbao. Mzee alikubali, kwa kuwa vijana wake walikuwa wamekaa mwezi mzima bila kazi.

Kuchora aliachiwa yule mhami, kwani ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora. Alichora usiku kwa mwanga wa tochi, kwenye karatasi za katikati ya daftari la binti yake. Aliikadiria meza ya picha kwa kulinganisha na kikombe kilichokuwa juu yake. Alichora mara tatu mpaka hesabu ya miguu ikakubali. Asubuhi mzee alifurahi sana, akambandikia mchoro ukutani. Malipo ya kuchora hayakutajwa, na yeye hakuyauliza. Katika atelie nyingi mchoro hauhesabiwi kuwa kazi. Kazi ni ubao.

Na ubao ndio ulioleta msiba. Mbao zilizokauka ni ghali, kwa sababu mwenye nazo ameziweka chini ya paa kwa miezi, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Avansi ndogo inanunua mbao mbichi zinazotoka msituni, bado nzito kwa maji. Muvula ni mti mzuri, lakini muvula mbichi haujui kwamba mnunuzi ana haraka. Seti 12 ziliisha kwa wiki tano. Siku ya kuzifunga, kila mtoto aliingia chini ya mama yake vizuri. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Zilipokaa wiki chache kwenye jua na upepo mkavu, mbao zikatoa maji yake: miguu ikapinda, nyuso mbili zikapasuka, na meza za kati zikakataa kutoka.

Mwenye nyumba ya wageni alipokea seti tano na kukataa saba. Mfanyabiashara akakata pesa za zile saba, pamoja na usafiri. Mzee, aliyekuwa amekopa nusu ya mbao, akabaki na deni. Akawalipa wafanyakazi wake kwa seti tano. Mhami alikuwa ameshamwahidi mke wake pesa za shule za watoto wawili. Alirudi na unga wa mihogo na mafuta kidogo, akakaa nje mpaka watoto walipolala.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Kila mtu katika mnyororo ule alikuwa na sababu yake. Mwenye nyumba ya wageni hawezi kulipia meza inayokwama. Mfanyabiashara hawezi kulipia kitu kilichokataliwa. Mzee hawezi kutoa pesa asiyokuwa nayo. Lakini pesa ilishuka ngazi kwa ngazi, kila mmoja akikata sehemu yake. Hasara ilishuka nzima, ikamwangukia yule aliyekuwa chini kabisa, ambaye hakuchagua mbao, hakupanga bei na hakuzungumza na mnunuzi hata siku moja. Tena yeye ndiye aliyechora.

Serikali iliwahi kulitazama jambo la kazi inayopitishwa mkono kwa mkono. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inahusu biashara kubwa inayopata soko, kisha kumpa mwingine sehemu ya kazi. Inasema kwamba kazi hiyo ya kupewa ni ya biashara za Wakongomani. Inakataza kupitisha kwa mwingine zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya soko lote. Na kwa fundi hili ndilo kubwa: anayepewa kazi anapaswa kupata avansi isiyopungua asilimia 30 kabla ya kuanza. Kuna na ofisi ya taifa ya kusimamia jambo hilo, inayojulikana kwa herufi ARSP.

Sheria hiyo haimgusi kila mtu. Mwenye baa akija mwenyewe kununua meza kwa fundi, huo ni ununuzi wa kawaida. Na fundi asiye na karatasi yoyote ya biashara hana mlango rahisi wa kugonga akidhulumiwa. Mhami aliyeacha hata kadi yake ya uchaguzi njiani ana shida zaidi. Hata hivyo, asilimia 30 ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitaja mdomoni bila kuogopa. Haikutungwa na fundi mwenye njaa. Imeandikwa katika sheria ya nchi.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme seti 10, kila moja dola 50: jumla dola 500. Asilimia 30 ni dola 150. Kwa pesa hiyo fundi anaanza na mbao zilizokauka, gundi na vanishi, badala ya kukimbilia mbao mbichi. Kwa hiyo avansi inamlinda mnunuzi vilevile. Anayetoa kidogo mwanzoni ndiye anayejitengenezea meza zitakazokwama.

Miezi minne baada ya msiba ule, yule mfanyabiashara alipiga simu tena. Safari hii seti 10. Mzee alimwita mhami, akamwonyesha picha nyingine.

"Papa," mhami alisema, "nitachora tukishaona avansi."

Mzee alimtazama kwa muda. "Mwanangu, ukikataa, kesho yuko mwingine atakayekubali. Mji umejaa wahami."

Ilikuwa kweli, na wote wawili waliijua. Katika kila mtaa wa Kasongo kuna mtu aliyefika na ufundi mikononi na njaa nyumbani, na mwenye njaa hapangi bei. Mhami hakubisha. Alitoka, akaongea na wenzake wanne wanaolipwa kwa kipande: wawili wenyeji, wawili waliohama kama yeye. Hakuwaambia wagome. Aliwaambia kila mmoja akiulizwa aseme neno hilohilo. Jioni mzee aliuliza mmoja, kisha wa pili. Alipofika kwa wa tatu akacheka, akachukua simu na kumpigia mfanyabiashara mbele yao wote.

Mapatano hayakuwa matamu. Mfanyabiashara alikubali asilimia 30, lakini akapunguza bei ya kila seti. Alikubali pia itengenezwe seti moja ya mfano kwanza, ikae wiki tatu kwake, na isipokwama ndipo nyingine zifuate. Yote yakaandikwa kwenye karatasi moja, wakatia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mchoro haukulipwa safari hii pia. Lakini mhami alifanya jambo moja. Badala ya kubandika karatasi ukutani, alikata vijiti vitatu vya kipimo, akatia alama za miguu, urefu na nafasi za viungo, akaviweka nyumbani kwake. Anayetaka meza hizo sasa anakuja kwa mwenye vijiti. Kwa mtu asiyeweza kusafiri kwenda kuandikisha mchoro kwa mujibu wa sheria ya mali ya viwanda ya mwaka 1982, kijiti kilichofichwa ni ulinzi mdogo, lakini ni ulinzi.

Seti ya mfano haikukwama. Zile tisa zilizobaki zilipokelewa zote. Faida yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia. Alinunua randa moja iliyotumika, akalipa shule ya mtoto mmoja. Wa pili bado anangoja.

Kwa mafundi wa Kasongo, Kabambare, Wamaza na Salamabila, na kwa jamaa zilizohama zenye mtu wa ufundi ndani, haya ndiyo ya kuandika kabla ya kushika msumeno, hata kama karatasi ni ya daftari la shule:

Kwanza, vipimo kwa sentimita. Picha ya simu si kipimo.

Pili, jina la mti, na kama mbao zimekauka au la. Nani atazilipia zikikauka?

Tatu, avansi: kiasi gani na siku gani. Kama ni kazi inayopitishwa na biashara nyingine, taja asilimia 30 za sheria.

Nne, seti ya mfano ikubaliwe kabla ya nyingine kuanza, na ibaki mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kuitazama.

Tano, zikikataliwa, nani anabeba hasara na kwa kiasi gani. Neno hili watu wanaona aibu kulitaja siku ya furaha. Lisipotajwa siku hiyo, litamwangukia wa mwisho.

Na kwa wanunuzi: mwite fundi mwenyewe, si mzee wa atelie peke yake. Muulize aliyechora kama kazi itafaa kwa wakati uliopangwa. Yeye ndiye anayejua kama ubao umekauka, kwa sababu ameushika. Swali hilo halina gharama, na linaweza kuokoa seti saba.