Merkato ya Chairman

Zamani merkato, yaani dirisha la usajili, ilipokaribia, Kolwezi tuliulizana jambo moja: nani anakuja? Muuza vocha pale sokoni alikuuliza kabla hajakurudishia chenji, na dereva wa teksi aliuliza kisha akajijibu mwenyewe kwa majina matatu ya Waghana. Siku hizi tunaulizana nani anaondoka, na Chairman atamweka nani mahali pake. Mara nyingi anayewekwa ni kijana ambaye hakuna mtu kijiweni aliyewahi kumwona na mpira.

Chairman ni Moïse Katumbi, na timu ni TP Mazembe. Msomaji wa mbali atashangaa kwa nini mji ulio kilomita mia tatu hivi kutoka Lubumbashi ukose usingizi kwa ajili ya mfuko wa mtu wa Lubumbashi. Timu zetu tunazo. Simba ya Kolwezi ikicheza uwanja wa Dominique Diur tunakwenda, na tunapiga kelele vizuri. Lakini Mazembe na Lupopo, mahasimu wa Lubumbashi, ni mambo ya ukoo: mtu anazikuta nyumbani kama anavyokuta dini.

Kwetu aliyenikabidhi Mazembe ni mjomba, aliyefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi. Alinisimulia mwaka 1967, timu ilipokuwa bado inaitwa Englebert, jina la matairi. Ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko katika fainali ya Afrika, na Waghana hawakutokea kwenye mchezo wa tatu wa kuamua, kwa hiyo kombe likaja kwetu. Mwaka uliofuata iliifunga Étoile Filante ya Lomé mabao 5-0, na ingawa ililala 4-1 kwenye mechi ya pili, kombe halikutoka nyumbani. Katika masimulizi yake yote sikusikia hata siku moja habari ya fedha za timu. Mwaka huohuo wa 1967 kampuni ya migodi Union Minière ilikuwa imegeuka mali ya taifa, ile iliyokuja kuitwa Gécamines, na katika miji ya shaba kampuni ndiyo iliyokuwa baba: hospitali yake, shule yake, unga wake, viwanja vyake. Nani angeuliza mpira unalipwa na nani?

Kisha baba akaugua. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikaanguka hadi makumi machache ya maelfu. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ule uliopewa jina zuri la kuondoka kwa hiari. Tangu hapo mjomba akisikia neno bajeti hukunja uso.

Ndiyo maana Katumbi, aliyeishika Mazembe mwaka 1997, hakumvutia upesi. Sisi vijana tulivutwa. Kampuni yake, MCK, ilifanya kazi za kuchimba na kusomba kwa niaba ya wenye migodi. Bei ya shaba ilipopanda, yeye akapanda nayo, na timu ikapanda naye. Mwaka 2007 akawa gavana wa Katanga nzima. Mwaka 2009 timu ikachukua kombe la Afrika mbele ya Heartland ya Nigeria. Mwaka 2010 ikawapiga Espérance 5-0 Lubumbashi, kisha ikaenda Abu Dhabi ikawatoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali ya dunia. Inter Milan walitufunga 3-0, lakini nani alijali? Kwa wiki nzima watoto wa Musonoi hapa Kolwezi walikuwa wakirukaruka kwa makalio kwenye udongo mwekundu, mikono mbele, wakimwiga kipa Kidiaba. Mama zao waliokuwa wakifua kaptula hizo hawakucheka sana.

Miaka mitano iliyofuata ilituharibu. Uwanja mpya ulifunguliwa Kamalondo, Lubumbashi, mwaka 2011, na timu ilisafiri kwa ndege ya mwenyewe. Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam, ikaishinda nyumbani na ugenini, halafu ikamchukua mshambuliaji wao, Mbwana Samatta. Akaja na Thomas Ulimwengu. Kutoka Zambia tulikuwa na Kalaba na Sunzu. Huyo Sunzu ndiye aliyepiga penalti iliyoipa Zambia ubingwa wa Afrika mwaka 2012 kule Libreville. Wakaja Assalé na kipa Gbohouo wa Ivory Coast, na Adama Traoré wa Mali. Novemba 2015 tuliifunga USM Alger 2-0 Lubumbashi, Samatta kwa penalti na Assalé akamalizia, na kombe la tano likaingia kabatini. Kijiweni hatukubishana kama Chairman atanunua. Ubishi wetu ulikuwa atamweka nani benchi.

Mabadiliko yenyewe yalipita tukiwa bado tunasherehekea. Katika miezi hiyohiyo ya mwisho ya 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana, akaachana na chama tawala, na akaiuza MCK kwa Necotrans ya Ufaransa. Januari 2016 Samatta akaenda Genk ya Ubelgiji. Mei Chairman mwenyewe akaondoka nchini, asirudi hadi Mei 2019. Timu ilichukua Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017, tukadhani mambo ni yaleyale. Necotrans ikafilisika mwaka huohuo wa 2017. Aliporudi, mwenye timu alikuwa na mkono mwingine: vijana wa shule yake ya soka, mkopo hapa na pale, na kuuza. Jackson Muleka akaenda Standard Liège mwaka 2020.

Kilichotuuma zaidi ni Dar es Salaam. Januari 2023 Simba, klabu ileile tuliyoichukulia Samatta, ilimpata Jean Baleke kwa mkopo kutoka kwetu. Msimu huohuo Yanga walitupiga 3-1 kwao na 1-0 Lubumbashi, na mshambuliaji wao mkuu alikuwa Fiston Mayele, Mkongomani waliyemtoa Vita ya Kinshasa. Matajiri wa mpira walikuwa wamehamia pwani.

Basi kwa kinyozi wetu pale Manika ubishi haukomi. Kiti ni kimoja, wanaosubiri ni wengi, na wengine nywele zao hazihitaji kukatwa.

“Makuta iko, ni yeye anakatala kuitosha,” alisema fundi mmoja wa magari, akiwa na povu upande mmoja wa kidevu.

“Batoto bale bako na miaka kumi na nane,” akajibiwa, “utabaomba kombe namna gani?”

Kuna wanaosema siasa imekula fedha za timu, kwa kuwa kampeni ya Chairman ya urais ya 2023 haikuendeshwa kwa maombi. Mama anayeuza vitumbula mlangoni aliwakata wote: fedha zipo, zimekwenda kwa wasichana. Alikuwa na hoja. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco, ikiifunga AS FAR ya nyumbani 1-0, na wabishi wetu wengi hawakuwa hata wameitazama mechi.

Hoja iliyonikaa ni ya mnunuzi wa madini, kijana ambaye hupiga mahesabu hata akiwa amelala. Kobalti, alisema, mwaka 2018 ilipita dola 90,000 kwa tani, na mwaka uliofuata ikawa haifiki nusu ya hiyo. Februari 2025 serikali yenyewe ikasimamisha uuzaji wake nje ili bei ipande. Kama serikali ilifunga ghala, kwa nini Chairman afungue pochi?

Mimi niko upande wa huyo kijana, ila si mpaka mwisho. Kutonunua ni haki ya mwenye mfuko, na nimeona Kolwezi watu waliojenga ghorofa wakati wa bei nzuri wakashindwa kuiezeka. Lakini mchezaji anapouzwa, shabiki anayelipa kiingilio anastahili kuambiwa fedha zile zinajenga nini: timu ya miaka mitatu ijayo, au soko la kuuzia Ubelgiji? Sikuwahi kulisikia hilo likijibiwa vizuri. Enzi za ndege na Waghana hatukuuliza, kwa sababu ushindi ulikuwa unajibu kwa niaba ya Chairman.

Msimu wa 2025–26 Ligi ya Mabingwa ilianza bila sisi. Lupopo walikuwemo, wakaingia hatua ya makundi pamoja na Mamelodi Sundowns. Mjomba ameapa hatazami. Siku ya mechi yao huketi nje na redio yake ikiwa imezimwa, na kila anayepita, mjomba humuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ni ngapi ngapi.