USASA UNASINGIZIWA TU!

Ukitaja filamu ya Kijapani mbele ya vijana wa mjini, kila mtu anawaza ninja, samurai na mapanga. Leo nawaleteeni ya aina nyingine kabisa. Haina ngumi hata moja, lakini inauma kuliko teke.

Inaitwa Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, kazi ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953. Kisa chenyewe chepesi: mzee Shukichi na mkewe Tomi wanapanda treni kutoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwasalimia watoto wao. Basi bwana, wakifika tu kasheshe inaanza. Mtoto wao mkubwa ni daktari, wagonjwa hawampi nafasi. Binti yao, Shige, ana saluni na anaona wazee wanambana. Watoto wanachangishana hela na kuwapeleka Atami, kwenye chemchemi za maji ya moto. Huko hoteli ina makelele usiku kucha, usingizi hakuna. Wanarudi mapema, Shige ananuna, maana ana kikao na wenzake wa saluni palepale nyumbani!

Wakati wa kurudi, Tomi anaugua njiani. Wakishafika nyumbani, anafariki. Matanga hayajapoa, Shige ameshaulizia nguo za marehemu.

Washikaji niliokuwa naangalia nao wakaruka juu: "Mmeona mambo ya kisasa? Mji umewaharibu hao!"

Mimi nikakataa. Maneno hayo nayajua sana. Ni msichana niliyeishia kidato cha nne, nimepanga chumba kimoja, najitafutia riziki kwa kalamu. Kila kwenye shughuli ya ukoo hakosekani shangazi wa kunisimanga kwamba mabinti wa mjini tumetupa mila. Kwa hiyo filamu hii niliiangalia kwa jicho kali, nijue hasa mkosaji ni nani.

Sasa mtazameni Noriko. Yeye ni mkwe tu, mjane wa kijana wao aliyefia vitani miaka 8 nyuma. Anaishi peke yake katika chumba kimoja na anafanya kazi ofisini. Kama usasa ungekuwa ugonjwa, Noriko ndiye angekuwa mahututi! Lakini ndiye anayeomba ruhusa kazini awatembeze wazee mjini. Ndiye anayebisha hodi kwa jirani kuazima pombe ya mchele ili mzee asikae mdomo mkavu. Mwishoni mzee anampa saa ya marehemu na kumsihi aolewe tena, asijifunge na mtu aliyekwisha kufa. Yaani mzee mwenyewe ndiye anayemfungulia mlango!

Mnabisha? Haya, chukueni filamu nyingine ya Ozu, Banshun, ya mwaka 1949. Binti wa miaka 27 anaishi Kamakura na baba yake mjane. Hataki kuolewa, anataka kumtunza baba. Wanaomsukuma ni wakubwa, shangazi akiwa mstari wa mbele kutafuta mchumba. Baba naye anamdanganya kwamba anaoa mke mwingine, ili binti asiwe na sababu ya kubaki. Binti anakubali, harusi inapita, na baba anabaki usiku akimenya tufaha peke yake. Hapo nani kawatenganisha? Si mji wala saluni. Ni mila yenyewe!

Ozu mwenyewe hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki mwaka 1962, na yeye akafuata mwaka 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Mtu wa hivyo alijua anachosema kuhusu wazazi na watoto.

Lakini nyie vijana wenzangu msipige makofi kwanza. Kama usasa hauna kosa, basi na kisingizio kimekufa. Shige hakuzuiwa na saluni. Noriko naye alikuwa na kazi, tena chumba chake kilikuwa kidogo kuliko cha wote, na wazee wakaenea. Kwa hiyo mama akipiga simu kwamba anakuja mjini, usimwambie maisha ya siku hizi yamebadilika. Sema kweli: unataka aje au hutaki?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.